Zulia kwenye nyumba yenye joto: anza na sakafu, ndipo uje kwenye nyuzi

Vua viatu usimame katikati ya chumba, mguu mmoja juu ya kigae na mwingine juu ya zulia. Mguu wa kwenye kigae utahisi ubaridi, wa kwenye zulia utahisi vuguvugu. Sasa chukua kipimajoto ukilaze kwenye kigae, kisha ukihamishie kwenye zulia. Kama jua halipigi hapo na chumba kimetulia tangu asubuhi, namba zitakaribiana sana, huenda zikawa zilezile. Mguu haujui kupima joto la kitu. Unachopima ni kasi ya joto lako mwenyewe linavyokutoka. Kigae na zege iliyo chini yake huvuta joto la unyayo haraka na kulitawanya. Zulia, kwa kuwa katikati ya nyuzi zake kumejaa hewa iliyotulia, huliacha joto palepale ulipokanyaga.

Watu wengi husema zulia linaleta joto nyumbani. Zulia halina joto la kwake la kukuletea. Linakaa kati yako na sakafu na kukata njia ambayo joto lingepita. Hilo linaonekana jambo dogo, lakini kwenye nchi za joto sakafu mara nyingi ndiyo sehemu ya nyumba inayokupoza bila kukudai chochote. Kwa hiyo kabla ya kushika sampuli ya zulia na kubishana juu ya rangi, jiulize sakafu yako inakufanyia kazi gani, na uko tayari kuifunika kwa kiasi gani.

Sakafu hazifanani

Chukua sakafu ya zege iliyomwagwa moja kwa moja juu ya ardhi. Ukichimba ardhi mita chache kwenda chini, joto lake hukaa karibu na wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo, wala halipandi na kushuka na mchana na usiku. Hewa ya chumbani ikifika nyuzijoto 34 alasiri, sakafu ya namna hii bado iko chini ya hapo, na inaendelea kunyonya joto la chumba na la miguu yako. Ukiifunika ukuta hadi ukuta, umejinyima. Zulia la manyoya lenye unene wa sentimita 1 tu huzuia joto zaidi kuliko sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10. Ukiongeza sponji chini ya zulia, sakafu yako inakuwa kama haipo.

Ghorofani mambo ni mengine. Sakafu yako ni dari ya anayeishi chini yako, haina ardhi ya kuegemea, na ubaridi wake ni ule tu ilioupata usiku madirisha yalipokuwa wazi. Hapo zulia hulipii gharama kubwa, na faida yake ya kumeza sauti za nyayo na za viti vinavyoburutwa ni kubwa, hasa kwa huyo wa chini. Hata hivyo, kama nyumba yako haina kiyoyozi na unategemea upepo wa usiku kuipoza zege, acha sehemu kubwa ya sakafu wazi ili ipoe vizuri usiku na ikurudishie ubaridi huo mchana.

Sakafu ya mbao yenyewe tayari inahami joto, kwa hiyo zulia halibadilishi mengi kwa upande huo.

Kuna sakafu ya nne ambayo husahaulika: ile inayopigwa na jua la dirishani. Kigae cheusi kikikaa juani kutwa nzima hujaa joto na kulirudisha chumbani jioni, saa ambazo unataka kupumzika. Ukitandika zulia hapo, linapata moto juujuu kwa haraka na kuliachia joto hewani mchana huohuo. Kwa vyovyote joto limeshaingia ndani, na dawa yake iko nje ya dirisha: kivuli cha mti, kibaraza, au pazia la nje. Hapa ndipo mahali pekee ambapo rangi ya zulia inahusika na joto, kwa sababu zulia jeupe hurudisha mwanga mwingi na jeusi huumeza. Mahali ambapo jua halifiki, zulia la rangi nyekundu iliyoiva na zulia la rangi ya maziwa yana joto moja, hata kama macho yanadai vinginevyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi asiache sakafu tupu. Wengine huiacha, na ni uamuzi mzuri kabisa. Lakini chumba cha vigae chenye kuta tupu kina mwangwi. Watu watatu wakizungumza kwa pamoja hakuna anayesikia. Mtoto anayejifunza kutambaa anaumia magoti. Mzee anayeamka usiku anaweza kuteleza kwenye kigae chenye maji. Na wapo wanaopenda kuketi chini, na zege ni ngumu. Hizi zote ni sababu za kuwa na zulia. Hakuna hata moja inayodai zulia lifunike chumba kizima.

Unyevu ndio unaoua zulia

Hili nililijua kwa kupoteza zulia nililolipenda. Lilikuwa la sufu, manyoya mafupi, limelala kwenye vigae vya chumba cha chini, na kochi zito limekalia upande mmoja. Ulipita msimu mzima wa mvua bila mimi kulinyanyua. Siku niliyosogeza kochi ili nifagie, kona iliyokuwa chini yake ilitoa uvundo wa nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Nililigeuza. Mgongo ulikuwa na madoa meusi ya ukungu, na nilipouvuta kwa vidole viwili, uzi wa pamba wa msingi ulikatika kama mkate uliolowa. Kigae kilikuwa na unyevu na alama nyekundu ya rangi iliyochuja, na alama hiyo haikutoka kwenye mistari ya simenti mpaka leo. Hakuna aliyekuwa amemwaga maji pale. Maji yalitoka hewani.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na ikigusa kitu kilichopoa vya kutosha huuangusha mvuke huo ukawa maji, kama unavyoona kwenye glasi ya maji ya barafu. Hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuangusha maji ikigusa kitu chenye nyuzijoto 26 au pungufu. Sakafu ya zege iliyo juu ya ardhi hufika hapo bila shida. Ndiyo ile asubuhi ambayo vigae vinatoka jasho, unapita na dekio, na baada ya saa moja vinatoka tena.

Chini ya zulia hali ni mbaya zaidi, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Zulia linazuia joto la chumba lisiifikie sakafu, kwa hiyo sakafu iliyofunikwa hubaki baridi kuliko ile iliyo wazi. Lakini zulia halizuii mvuke. Mvuke unapita katikati ya nyuzi kama moshi unavyopita kwenye chandarua. Umeweka basi kitu kinachozuia joto na kuruhusu unyevu, na chini yake hakuna upepo wa kukausha. Kwenye kigae kitupu jasho la sakafu unaliona na unalifuta. Chini ya zulia linakaa.

Linganisha na joto kavu. Hewa ya nyuzijoto 40 yenye unyevu wa asilimia 20 haiwezi kuangusha maji mpaka iguse kitu chenye nyuzijoto kama 13, na katika nyumba ya namna hiyo sakafu haifiki huko. Huko zulia la sufu, hata la manyoya marefu kiasi, hurithiwa na wajukuu. Jangwani usiku hupiga baridi, na manyoya hayo yanatafutwa. Kwa hiyo tunaposema "nchi ya joto" tunachanganya mambo mawili yanayotaka mazulia tofauti kabisa. Ushauri uliomsaidia mtu wa nyanda kame unaweza kumharibia zulia mtu wa pwani au wa bonde la mto, na wote wawili wanalalamikia joto lilelile.

Kiyoyozi nacho kina tabia yake. Kikifanya kazi mfululizo hukausha hewa, na zulia linafurahi. Tatizo ni cha kuwashwa na kuzimwa: unapooza chumba usiku kucha hadi nyuzijoto 22, asubuhi unakizima na kufungua madirisha. Hewa nzito ya nje inaingia na kukuta sakafu iliyopoa. Mwenye desturi hiyo anapaswa kuhesabu kwamba sakafu yake inatoka jasho kila siku, hata kama halioni.

Pia kuna unyevu unaopanda kutoka ardhini, pale ambapo chini ya zege hakukuwekwa plastiki ya kuuzuia au iliyowekwa imepasuka. Kuupima ni rahisi. Kata kipande cha plastiki angavu, kama nusu mita kwa nusu mita, kilaze kwenye sakafu kavu, ukifunge pande zote nne kwa gundi ya utepe bila kuacha upenyo, halafu ukiache mchana na usiku mzima. Ukikuta matone upande wa chini wa plastiki, au zege imekuwa nyeusi pale ilipofunikwa, maji yanatoka ardhini, na sakafu hiyo usiiwekee zulia la kudumu mpaka itibiwe. Matone yakiwa juu ya plastiki, ni mvuke wa hewa. Kama sakafu ina vigae, weka plastiki yako mahali panapopita mistari ya simenti, kwa kuwa kigae chenyewe huzuia maji na unyevu hupandia kwenye mistari hiyo.

Zulia la manyoya la kale kuliko yote lililopatikana likiwa zima lilifukuliwa mwaka 1949 na mwanaakiolojia Sergei Rudenko katika kaburi la Pazyryk, kwenye milima ya Altai huko Siberia. Lilifumwa karne ya 5 au ya 4 kabla ya Kristo, na leo liko kwenye makumbusho ya Hermitage, St Petersburg. Farasi na paa waliofumwa pembeni mwake bado wanaonekana. Lilidumu kwa sababu maji yaliingia kaburini yakaganda, likakaa ndani ya barafu zaidi ya miaka 2,000. Unyevu na joto ukivitenganisha, zulia linaishi. Nyumba ya pwani inaviweka pamoja mwaka mzima.

Ligeuze zulia kabla hujalisifu

Ukiwa dukani, mkono wako utakwenda kwenye manyoya. Upeleke mgongoni mwa zulia kwanza, kwa sababu huko ndiko linakosema ukweli.

Ukikuta nakshi ya juu inaonekana vilevile nyuma, uzi kwa uzi, zulia limefumwa au limefungwa mafundo kwenye nyuzi za mtande na mshindio, yaani za urefu na za upana. Linapumua, linaoshwa, linarekebishika. Ukikuta nyuma kuna kitambaa kilichobandikwa na huoni nakshi, manyoya yamedungwa kwa mashine au kwa kifaa cha mkono chenye umbo la bunduki, na kushikizwa kwa gundi ya mpira. Mazulia hayo ni mengi na hupendeza, lakini gundi hiyo haivumilii joto na unyevu. Kwanza hutoa harufu, halafu inakauka na kupukutika unga mweupe au wa njano unaoukuta sakafuni ukiliinua. Baada ya hapo manyoya huanza kung'oka yenyewe. Kwa nyumba yenye joto ningelikwepa, hata likiwa na sura ya kuvutia.

Kisha ndipo uamue juu ya manyoya. Zulia bapa, yaani lisilo na manyoya, kama kilimu za Uturuki au mazulia ya pamba ya India, ni jembamba, upepo unalipita, vumbi halina pa kujificha sana, na unaweza kulikunja chini ya kwapa. Kwenye joto la unyevu, hili ndilo chaguo langu la kwanza na sioni la pili linalolikaribia. Mkeka uko katika ukoo huohuo: ni mwembamba, haushiki joto, na ukiushika mkono unauhisi umepoa. Manyoya mafupi, chini ya sentimita 1, yanafaa kwenye joto kavu na vyumba vya kiyoyozi. Yale marefu ya kuzamisha vidole vya miguu hushika mchanga, nywele na unyevu, na yakilowa huchukua siku nyingi kukauka. Niko wazi juu ya hilo: kwenye nyumba yenye joto na unyevu hayana mahali.

Nyuzi na maji

Njia nzuri ya kuzielewa nyuzi ni kuuliza kila moja inabeba maji kiasi gani kutoka hewani. Katika hewa ya wastani ya maabara, nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, sufu hubeba maji yanayofikia kama asilimia 16 ya uzito wake, juti (nyuzi za magunia) karibu 14, pamba kama 8, nailoni kama 4, poliesta chini ya nusu asilimia, na polipropilini, ambayo ni nyuzi za plastiki, karibu hakuna kitu.

Sufu ikiwa kwenye hewa iliyojaa mvuke inaweza kubeba maji yanayokaribia theluthi ya uzito wake, na ukiigusa bado utasema ni kavu. Hiyo ni sifa na ni mtego. Chumbani inasawazisha unyevu, inameza leo na kuutoa kesho. Lakini ikiwa kesho haiji, yaani hewa imebaki na unyevu wiki baada ya wiki, sufu inakaa imelowa bila kukuambia. Mengine yote ya sufu ni mazuri: inasimama tena ikikanyagwa, haishiki uchafu wa mafuta kwa urahisi, na cheche ikiidondokea inaungua kidogo na kuzima yenyewe.

Pamba ni laini kwa unyayo uliotoka jasho na huoshwa nyumbani. Hupoteza umbo mapema kuliko sufu na huchafuka haraka, lakini zulia dogo la pamba linaloingia kwenye beseni au mashine ya kufulia linakupa uhuru ambao zulia la thamani halikupi.

Katani, ambayo kwa lugha nyingi inaitwa sisal kutokana na bandari ya Sisal huko Yucatán nchini Meksiko ilikokuwa ikipakiliwa melini, ni ngumu na hudumu. Udhaifu wake ni maji. Tone la maji tu linaacha duara, na likiloweshwa zulia zima hujikunja pembeni. Juti ni laini kuliko katani na pia ni dhaifu kuliko zote. Ikilowa rangi yake ya kahawia hukolea, na huoza upesi. Kwa sebule kavu ni sawa, kwa sehemu za maji hapana. Usumba, nyuzi za kumbi la nazi, ni jambo jingine: makumbi huloweshwa miezi mingi ili nyuzi zitoke, na nyuzi zinazovumilia kuloweshwa hivyo haziogopi mlango unaopigwa na mvua. Unachoma miguu mitupu, kwa hiyo uache mlangoni, mahali ambapo mchanga unapaswa kuishia. Mchanga ukiingia ndani hushuka hadi kwenye mizizi ya manyoya na kuyakata kama msumeno kila mtu anapokanyaga.

Polipropilini haina habari na maji. Haiozi, huoshwa kwa mpira wa maji, na bei yake mara nyingi inafikika. Kwa kibaraza au nyumba ya watoto wadogo ni chaguo la busara, na sioni sababu ya mtu kuionea aibu. Ina mambo matatu ya kuangalia. Mafuta huipenda, kwa hiyo njia ya miguu iliyopakwa losheni itajichora baada ya miezi. Jua huivunjavunja isipokuwa imetiwa kinga, basi uliza kama imetengenezwa kwa matumizi ya nje. Na la tatu ndilo linalowaponyoka wengi: zulia la mashine linaweza kuwa na manyoya ya polipropilini juu na nyuzi za juti nyuma. Kibandiko kinasema haliozi, na juti ya mgongoni inaoza. Ligeuze uangalie, juti ni ya kahawia, ina nywelenywele na harufu ya gunia.

Viskosi, nyuzi zinazotengenezwa kiwandani kutokana na mbao au mimea mingine, nitaitaja kwa kuonya. Huuzwa kwa majina mazuri, hariri ya mianzi, hariri ya mimea, na inang'aa kama hariri kweli. Ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na maji hayohayo huiachia madoa ya njano na kulaza manyoya yasisimame tena. Sijui kitu kisichofaa zaidi kwa sakafu inayotoka jasho.

Ukilitilia shaka jina lililoandikwa, omba uzi mmoja kutoka pindoni, ushike kwa koleo juu ya sinki, uuwashe. Sufu itanuka nywele zilizoungua, itazima yenyewe, na majivu yake yatavunjika vidoleni. Pamba, juti na viskosi zitawaka kama karatasi na kunuka karatasi. Poliesta na polipropilini zitayeyuka na kuacha kishanga kigumu, na ya polipropilini harufu yake inakaribia nta ya mshumaa.

Ukubwa, mahali, na kilicho chini

Sebuleni, zulia linalofika chini ya miguu ya mbele ya viti linatosha kuviunganisha, na pembeni unaacha sakafu wazi ikifanya kazi yake. Kabla ya kununua, tandika magazeti kwa vipimo vya zulia unalolitaka, uishi nayo siku mbili. Utaona mlango unaokwama, utaona njia ya watu inakatiza wapi, na mara nyingi utagundua kwamba dogo kidogo linatosha.

Chumbani kwa kulala, desturi ya kuweka zulia kubwa likapita chini ya kitanda chote haifai kwenye joto. Chini ya kitanda ni giza, hapasogezwi, hapafagiliwi, na zaidi ya nusu ya zulia inakuwa huko. Mawili membamba, moja kila upande, yanakupa kile ulichokitaka, yaani mahali laini pa kutua miguu asubuhi, na unaweza kuyakung'uta kila wiki.

Zulia bapa juu ya kigae huteleza, na kwa nyumba yenye mzee au mjamzito hilo si la kufanyia majaribio. Weka chini yake wavu wa kuzuia kuteleza, ule wenye matundu, ili hewa ipite. Sponji zito au mpira mzima hufungia unyevu chini. Na kama sakafu yako imefunikwa kwa vinaili, yaani plastiki ya sakafuni, mpira usiuweke kabisa, kwa sababu dawa zilizomo kwenye mpira huingia kwenye vinaili na kuacha doa la njano ambalo halisafishiki.

Kabla ya kulipia zulia la rangi nzito, lowesha kitambaa cheupe, ukisugue kwenye kona kwa nguvu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia na kwenye vigae vyako.

Wadudu na kukausha

Utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaowasumbua wenye pumu na mafua ya mzio, hawanywi maji. Huyapata kutoka hewani, kwa hiyo hewa ikikaa chini ya unyevu wa asilimia 50 hukauka na kufa, na ikiwa asilimia 70 na zaidi huzaliana kwa raha. Mwenye pumu anayeishi kwenye joto la unyevu ni bora awe na zulia dogo linalofuliwa kwa maji ya nyuzijoto 60, au asiwe nalo.

Nondo na mbawakawa wa mazulia hutaga kwenye sufu, na mabuu yao ndiyo yanayoila. Hupenda giza na utulivu, chini ya kabati na kochi. Kulisogeza zulia, kulizungusha na kulipiga mashine ya kuvuta vumbi pande zote mbili kunawavuruga kuliko dawa nyingi za kunyunyiza. Mchwa hawajali sufu, lakini katani, juti na mkeka kwao ni chakula, na hupanda kupitia nyufa za sakafu chini ya zulia lisilonyanyuliwa.

Ndiyo sababu kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mikono yangu: je, naweza kulinyanyua zulia hili peke yangu, nikalitoa nje, na likilowa likakauka kwa siku moja? Ukungu huanza kuota kwenye kitu kilicholowa ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo zulia linalohitaji siku tatu kukauka linashindwa kabla hujaanza. Ukilifua, lining'inize mahali penye upepo, mgongo ukielekea jua ili rangi ya uso isififie, na usilirudishe mpaka umelaza kiganja chako juu ya sehemu nene kuliko zote na kuona haina ubaridi. Msimu wa mvua ulinyanyue kila wiki, hata kama ni kulikunja nusu tu kwa saa moja huku dirisha liko wazi.

Na kama unaona msimu wa joto kali umewadia na unataka sakafu yote iwe wazi, liondoe kabisa. Lisafishe, likaushe, lizungushe kama bomba bila kulikunja mkunjo, manyoya yakiwa nje kama ni zulia zito la mafundo. Lifunge kwa shuka la pamba. Plastiki itafungia ndani unyevu uliobaki. Lilaze juu ya rafu au viti viwili, mbali na sakafu na mbali na ukuta wa nje, ulifungue mara moja kwa mwezi na kulinusa.